Kwa nini namba ya NIDA huharibika kwenye kompyuta?

Namba ya Kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ndiyo namba tunayosajilia laini za simu, na ndiyo ambayo kikundi cha akiba, chama cha wakulima wa pamba Shinyanga au cha wachimbaji wadogo Geita kinaweza kuiomba kwa kila mwanachama. Programu ikitengenezwa bila uangalifu, tarakimu za mwisho hubadilika bila onyo lolote. Hapa tunaeleza sababu na dawa yake.

Tatizo liko wapi?

Tovuti nyingi hutumia JavaScript, lugha ya kompyuta iliyoanza mwaka 1995. Namba yake ya kawaida hutengewa nafasi isiyoongezeka. Namba nzima kubwa ambayo lugha hiyo inaitunza kwa uhakika ni 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Ikizidi hapo, kompyuta hubaki na namba iliyo karibu nayo.

Tuchukue namba ya mfano, 12345678901234567890. JavaScript huirudisha hivi: 12345678901234567000. Ukiandika nyingine inayoishia na 891, jibu ni lile lile. Kwenye orodha, watu wawili wamekuwa mmoja, na mmoja wao anaweza kuambiwa kwamba tayari amesajiliwa.

Je, fedha nazo?

Fedha za kawaida hazifiki huko. Mwaka 2017 TRA iliidai Acacia, iliyokuwa ikiendesha migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, kiasi kilichotajwa kuwa shilingi trilioni 424. Hata deni hilo linaenea likihesabiwa kwa shilingi. Likihesabiwa kwa senti huwa 42,400,000,000,000,000, na hapo mpaka umevukwa: ukijumlisha senti 1, JavaScript hukupa jibu lile lile, kana kwamba hukuongeza kitu.

Kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12 nayo ni salama. Namba ya NIDA siyo.

Dawa kwa wanaotengeneza programu

- Namba ya utambulisho haijumlishwi wala haigawanywi. Itunze kama maandishi, ndani ya alama za nukuu: "12345678901234567890". Namba ya simu itunzwe vivyo hivyo, la sivyo sifuri ya mwanzo hupotea.
- Ukihitaji kukokotoa namba kubwa, tumia BigInt, iliyoingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2020. Weka herufi n mwishoni: 12345678901234567890n.
- Usiichanganye BigInt na namba ya kawaida kwenye hesabu moja, programu itakataa. Kumbuka pia kwamba haina desimali: 7n ukigawa kwa 2n unapata 3n.
- Ukitumia BigInt( ), weka ndani yake maandishi yenye alama za nukuu. Ukiweka namba ya kawaida, inakuwa imeshaharibika kabla ya kubadilishwa.

Tatizo hili liliwakuta hata wakubwa. Mwaka 2010 Twitter ilipoanza kutumia namba ndefu kutambulisha ujumbe, ililazimika kuzituma pia kama maandishi ili JavaScript isizibadilishe.

Kwa makatibu wa vikundi

Excel nayo hutunza tarakimu 15 tu na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri. Chagua safu nzima, iweke kuwa ya maandishi, kisha ndipo uandike namba. Ukiibadilisha baadaye, tarakimu zilizopotea hazirudi. Itabidi uziandike upya kutoka kwenye vitambulisho.

Kwa msikilizaji

Ukijaza fomu au ukisomewa orodha ya wanachama, hesabu tarakimu zote 20 na ulinganishe za mwisho na kitambulisho chako. Ukiona sifuri nyingi mwishoni ambazo kwenye kadi hazipo, omba irekebishwe hapo hapo, kabla orodha haijapelekwa mbele.