Kumbukumbu inayovuja: historia fupi ya Eclipse na PermGen

Leo tuangalie historia kidogo. Wanaojifunza kuprogramu huku Ndanai huniuliza: kwa nini kompyuta iliyokuwa nyepesi asubuhi inakuwa nzito mchana? Wengi huambiwa wanunue mpya. Kabla hujauza ng'ombe, soma hapa.

Programu huomba nafasi kwenye kumbukumbu (RAM), na ikimaliza kazi inapaswa kuirudisha. Isiporudisha, tunasema kumbukumbu inavuja. Ni kama wachumaji chai wanaochukua vikapu stoo na kuviacha shambani. Vikapu havijaibiwa, lakini anayekuja baadaye hapati.

Katika lugha ya C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie mwaka 1972, kurudisha ni kazi ya mwandishi wa programu. Wengi walisahau. Mwaka 1991 Reed Hastings, aliyewahi kufundisha hisabati Swaziland (leo Eswatini) na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Netflix, alianzisha kampuni iliyouza Purify, chombo cha kutafuta uvujaji. Mwaka 2002 ikaja Valgrind ya Julian Seward, ya bure kabisa.

Java ilipokuja mwaka 1995 ilikuwa na mfagiaji wake, wazo ambalo John McCarthy alikuwa nalo kwenye Lisp tangu 1959. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Wapi! Mfagiaji huondoa tu kitu ambacho hakuna anayekishika. Ukikishika bila kujua, kinabaki.

Hapo ndipo vyombo vyenyewe vilipoumia. Eclipse, iliyotolewa mwaka 2001, imeandikwa kwa Java. Java ya Sun iliweka maelezo ya klasi kwenye sehemu iitwayo PermGen, ambayo kwenye mashine nyingi za 32-bit ilikuwa na kikomo cha 64MB tu. Ukiongeza viongezo vingi, inajaa. Seva kama Tomcat nayo ilipakia klasi upya kila ulipojaribu programu yako, na kitu kimoja cha zamani kikishikwa, kundi zima la klasi za zamani linabaki nacho.

Java 8 ya mwaka 2014 iliondoa PermGen na kuleta Metaspace. Lakini angalia: Metaspace haina kikomo usipoiwekea. Uvujaji haukupona, ulihamia kwenye kumbukumbu ya kompyuta nzima!

Kwa hiyo usiilaumu mashine kwanza. Fungua orodha ya programu zinazoendesha, andika kumbukumbu inayotumiwa na chombo chako kila baada ya nusu saa. Ikipanda bila kushuka, na ukikifunga na kukifungua inarudi chini, shuku uvujaji. Ondoa viongezo kimoja kimoja mpaka umpate mwenye makosa, kisha waandikie waliokitengeneza, ukiwapa namba zako.

Kwa leo naishia hapo.