Moyo wa mtoto: kutoka pembe ya Pinard hadi mashine ya CTG

Leo tuache kidogo seva na programu, ingawa mwishowe tutazirudia.

Mwaka 1895 Mfaransa Adolphe Pinard alitengeneza pembe fupi ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Haina betri. Mkunga anaweka sikio, anatazama saa, anahesabu: mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni ya kawaida. Wakunga wetu wanaijua mpaka leo.

Enzi hizo mwanamke mwenye kisukari akishika mimba, mara nyingi alikufa yeye au mtoto. Insulini ilipoanza kutumika Toronto mwaka 1922, akina mama wakapona, lakini watoto wakaendelea kufia tumboni, hasa wiki za mwisho. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, mtoto hutengeneza insulini nyingi, hunenepa, na huhitaji oksijeni kuliko anayoipata.

Ndipo watu wa umeme wakaingia. Mwaka 1958 Edward Hon wa Marekani alieleza jinsi ya kurekodi moyo huo mfululizo. Mwaka 1968 Hewlett-Packard ikaanza kuuza mashine iliyotokana na kazi ya Mjerumani Konrad Hammacher. Hiyo ndiyo CTG: mstari mmoja wa moyo, mwingine wa uchungu.

Tatizo limekwisha? La. Majaribio yaliyojumlishwa yalionyesha kwamba CTG ya mfululizo wakati wa kujifungua ilipunguza degedege za watoto wachanga kwa nusu hivi, lakini haikupunguza vifo, na upasuaji ukaongezeka.

Sasa njoo Kibera. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha Kibera South chenye wadi ya uzazi, na kwenye kliniki zao walitibu kisukari pia. Mwaka 2017 wakakikabidhi kwa serikali. Mama wa huko, au wa Kawangware, kwanza anahitaji kupimwa sukari mapema. Pili, ajue mateke ya mwanawe. Tatu, yakipungua usiku, apate gari la kumfikisha penye chumba cha upasuaji, Mbagathi au Kenyatta.

Mashine inarekodi tu. Sisi waandishi wa programu tunajua: rekodi isiyosomwa na mtu haiokoi kitu. Kwa hiyo ukitaka kuwaandikia akina mama programu, anza na swali hili: saa nane usiku, nani atapokea simu?

Haya, nasubiri maoni yenu.