Kufunga tela kwenye pikapu yenye bodi fupi: pima kwanza, nunua baadaye

Kila msimu wa kuuza tumbaku na mahindi unapokaribia, swali moja huturudia: "Nina pikapu ya dabo kebini, nataka kuvuta tela kubwa. Nifunge nini?" Wengine wameona kwenye simu video za Marekani, tela imekaa juu ya bodi ya pikapu na kiungio chake kinasogea mbele na nyuma. Wanauliza kama kinafaa Urambo, Sikonge au Kaliua.

Jibu letu kwa ufupi: kiungio hicho ni kizuri, lakini kinatatua tatizo moja tu, la nafasi. Hakiongezi nguvu ya pikapu kubeba. Na kwenye dabo kebini nyingi za kwetu, hata nafasi yenyewe haitoshi.

Gurudumu la tano ni nini?

Tazama lori la semi linalopita Tabora kuelekea Kigoma. Nyuma ya kichwa cha lori kuna sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi, yenye mdomo. Pini iliyo chini ya tela huingia kwenye mdomo huo na kujifunga. Sahani hiyo huitwa fifti wili, yaani gurudumu la tano. Jina limetoka kwenye magari ya farasi ya zamani, ambayo yalikuwa na duara la chuma lililolala juu ya ekseli ya mbele ili ekseli hiyo iweze kukata kona.

Kwenye pikapu sahani kama hiyo, ndogo zaidi, hufungwa ndani ya bodi kwa bolti zinazoshika chesesi. Uzito wa mbele ya tela hukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kwa hiyo tela hutulia barabarani kuliko ile inayovutwa kwa chuma cha nyuma ya bampa.

Tatizo la bodi fupi

Unapokata kona kali, pembe ya mbele ya tela husogea kuelekea kebini. Bodi ikiwa ndefu, pembe hupita salama. Bodi ikiwa fupi, pembe hugonga kebini au kuvunja kioo cha nyuma, na kwenye dabo kebini nyuma ya kioo hicho wamekaa watu, mara nyingi watoto.

Ndiyo maana kikatengenezwa kiungio kinachosogea. Sahani hukaa juu ya reli mbili fupi. Ukiwa barabarani inabaki mbele, juu ya ekseli. Ukitaka kugeuza mahali pembamba, inarudi nyuma sentimita 25 hadi 30 hivi na kuipa tela nafasi.

Viko vya aina mbili:

Cha mkono. Unasimama mahali tambarare, unafunga breki za tela au kuweka kabari kwenye magurudumu yake, unavuta mkono wa kufungulia, kisha unasogeza pikapu mbele taratibu. Sahani inarudi nyuma na kujifunga. Ukimaliza kugeuza, unairudisha mbele na kuifunga kabla ya kuondoka. Bei yake ni nafuu na vyuma vyake ni vichache, lakini kinadai dereva asiyesahau.

Kinachojisogeza. Kadiri kona inavyokuwa kali, ndivyo sahani inavyojisogeza nyuma yenyewe. Hakimtegemei dereva, lakini ni kizito zaidi, ni ghali zaidi, na kinahitaji bamba maalumu linaloshika pini ya tela. Vumbi la barabara zetu likiingia kwenye reli zake bila kusafishwa, hukwama.

Kwa aina zote mbili, usitembee safari ukiwa umeacha sahani nyuma. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hupungua kushika barabara na usukani huwa mwepesi kupita kiasi.

Pima kwa kamba

Kipimo hiki unaweza kukifanya nyumbani kwa kamba na futi ya fundi.

1. Kwenye tela, shika kamba kwenye pini, ivute hadi pembe ya mbele ya tela. Urefu huo ndio umbali ambao pembe inaweza kufika upande wa kebini. Kwa tela yenye upana wa mita 2, iliyotangulia pini kwa sentimita 40, kamba itakuwa kama mita 1 na sentimita 8.

2. Kwenye pikapu, pima kutoka juu ya ekseli ya nyuma hadi ukuta wa nyuma wa kebini.

3. Kipimo cha pili lazima kizidi cha kwanza, na kibaki angalau sentimita 10 za akiba, kwa sababu mashimo na miinuko huilaza tela upande.

Kwenye singo kebini yenye bodi ndefu, kipimo cha pili mara nyingi huzidi mita 1, kwa hiyo kiungio kisichosogea kinaweza kutosha. Kwenye dabo kebini nyingi tunazoziona hapa, zenye bodi ya mita moja na nusu hivi, utapata kama nusu mita tu. Ongeza sentimita 30 za kusogea: bado hujafika. Viungio hivi vilibuniwa kwa pikapu kubwa za Marekani, ambazo bodi yao "fupi" ina karibu mita 2. Mtu akikuuzia bila kupima gari lako, kioo kitakachovunjika ni chako.

Uzito hausogei

Kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mzigo ulikwenda mabegani mwa watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society waliondoka Sadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakielekea Ujiji. Ng'ombe wengi walikufa njiani, mizigo ikarudi kwa wapagazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Leo mbung'o hawaui injini, lakini gari nalo lina mgongo, na mgongo huo una kipimo chake.

Kwa tela ya pini, kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wote wa tela hukaa ndani ya bodi. Tuchukue tela yenye kilo 2,000 pamoja na mzigo, nayo inalalia pikapu kwa kilo 500. Kiungio chenyewe kinaweza kufika kilo 100. Watu watano ni kilo 350. Jumla ni 950. Pikapu iliyoandikwa kubeba tani moja imebakiwa na kilo 50, kabla hujapakia gunia hata moja. Ukizidisha, kinachoharibika kwanza ni springi, matairi na beringi, na breki hushindwa kusimamisha.

Kwa hiyo soma kitabu cha gari sehemu mbili: uzito linaoruhusiwa kuvuta, na uzito linaoruhusiwa kubeba. Wauzaji hupenda kutaja ule wa kwanza. Unaokukwamisha mara nyingi ni wa pili.

Basi uchague nini?

Kama una dabo kebini ya kawaida, tela inayovutwa nyuma ya bampa, kwa chuma chenye kichwa cha duara, ndiyo inayokufaa. Chuma hicho kifungwe kwenye chesesi, si kwenye bampa. Panga marobota mazito mbele kidogo ya magurudumu ya tela, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito ilalie gari. Mzigo ukielemea nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia. Funga pia minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya kiungio. Magari mengi ya kundi hili huruhusiwa kuvuta tela isiyo na breki ya hadi kilo 750 tu. Zaidi ya hapo, tela iwe na breki zake.

Kama una singo kebini na kamba imekupa nafasi, kiungio cha pini kisichosogea kinatosha. Kinachosogea kinunue pale tu sentimita zile 25 au 30 ndizo zinazokufanya upite.

Kwa vyovyote, usikubali fundi achomelee kiungio juu ya bati la bodi. Bati hupasuka. Bolti zipite hadi kwenye chesesi, na nati zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

Andika vipimo vyako vinne kwenye karatasi: urefu wa kamba, umbali wa ekseli hadi kebini, uzito wa tela ikiwa imepakiwa, na uzito gari linaoruhusiwa kubeba. Nenda nayo kwa fundi. Akikuambia haina haja, tafuta fundi mwingine.