Tabia za Vyakula katika Utabibu wa Kale wa Wachina, na Shida ya Kuzitaja kwa Kiswahili

Katika kitabu kiitwacho Zhouli, yaani Taratibu za Zhou, ambacho wanazuoni wengi huona kuwa kilitungwa katika karne za mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo, mna orodha ndefu ya watumishi wa mfalme na kazi ya kila mmoja wao. Waganga wametajwa humo kwa mafungu manne: waganga wa chakula, waganga wa maradhi, waganga wa vidonda na majipu, na waganga wa wanyama. Waganga wa chakula ndio waliotangulizwa. Walikuwa wawili tu, na daraja yao haikuwa ya juu, lakini walisimamia kila kilichoingia kinywani mwa mfalme. Waliamrishwa kuwa nafaka iliyopikwa ifanane na majira ya kuchipua, mchuzi ufanane na majira ya joto, viungo vya kuchovyea vifanane na majira ya majani kupukutika, na vinywaji vifanane na majira ya baridi. Zheng Xuan, mfafanuzi wa kitabu hicho aliyeishi tangu mwaka 127 hata mwaka 200, alilifumbua fumbo hili kwa maneno machache sana: nafaka yafaa iliwe ya vuguvugu, mchuzi uliwe wa moto, viungo viliwe vimepoa, na kinywaji kinywewe baridi.

Majira hayo sikuyaita masika na vuli kwa sababu majira yetu huhesabiwa kwa mvua na pepo, na yao huhesabiwa kwa joto na baridi. Jambo hili dogo yafaa msomaji alishike, maana ndilo litakalotufaa mbele, tutakapofika penye maneno manne ambayo Mswahili asomaye utabibu wa Kichina huyadhania kuwa ni ya kwao, nayo siyo.

Neno ambalo Wachina hulitumia kwa hali ya mwili uliotengemaa ni he. Neno hili lina maandishi zaidi ya namna moja, na namna mojawapo ina alama ya chombo. Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake mwaka 100, aliipa namna hiyo maana ya kulinganisha ladha. Basi tangu zamani neno hili lilikuwa na mahali pake jikoni. Katika tarehe iitwayo Zuozhuan, chini ya mwaka 522 K.K., waziri Yan Ying anamweleza bwana wake wa nchi ya Qi tofauti iliyopo baina ya watu wanaopatana na watu wanaofanana tu, na mfano anaoutoa ni wa mchuzi. Mpishi ana maji, moto, siki, chumvi na matunda machachu, ana samaki na nyama. Kilichopungua hukiongeza, kilichozidi hukipunguza. Anayetia maji juu ya maji hapati mchuzi. Waziri huyo alikuwa akisema juu ya utawala, wala hakutaja ugonjwa, walakini mfano wake ndio ule ule walioushika waganga.

Tarehe hiyo hiyo inataja, chini ya mwaka 541 K.K., mganga aliyetumwa kutoka Qin kwenda kumtazama mtawala wa Jin aliyekuwa mgonjwa. Jina lake mganga ni He, neno lile lile. Alieleza kwamba mbingu ina hewa sita, nazo huzaa ladha tano, rangi tano na sauti tano, na kila hewa ikizidi huleta ugonjwa wake. Hapa chakula, muziki na maradhi vimefungwa kwa kamba moja. Katika lugha yetu tuna kitenzi ambacho kwangu kinalikaribia neno he kuliko “usawa” au “mizani”, nacho ni kukolea. Mizani ina vitanga viwili tu. Mchuzi uliokolea una mambo mengi ndani yake, na hapana hata moja lililopotea wala lililotamalaki.

Mafundisho haya yalipata umbo la elimu kamili katika Huangdi neijing, kitabu kilichokusanywa yapata karne ya pili na ya kwanza K.K. Humo kila ladha imepewa kiungo chake: uchachu huenda kwenye ini, uchungu kwenye moyo, utamu kwenye wengu, ukali wa tangawizi na vitunguu kwenye mapafu, na chumvi kwenye figo. Ladha ikiwa kwa kiasi hulisha kiungo hicho, ikizidi hudhuru. Chumvi nyingi, kwa mfano, huharibu mishipa ya damu. Dawa kali zimewekewa kazi ya kupiga maradhi, bali kulisha mwili ni kazi ya nafaka, matunda, nyama na mboga.

Mfasiri hukwama mara mbili katika ladha hizi. Kwanza, Kiswahili kina neno kali ambalo hulitumia kwa ndimu na kwa pilipili pia. Wachina wanatenga mambo hayo mawili, suan na xin, tena wanayapeleka kwenye viungo viwili mbalimbali. Kwa hiyo yafaa suan tuiite uchachu, na ukali tuuache kwa xin peke yake. Katika neno la pili bahati ni yetu. Neno gan si utamu wa sukari na asali tu, ni ladha ya wali na ya nyama pia, na Xu Shen analifasiri kuwa ni kitu kizuri kinywani. Neno letu tamu lina maana hizo zote mbili tangu asili.

Kwamba dawa na chakula havikuwa na ukuta baina yao, lugha yenyewe ni shahidi. Tang kwa Kichina ni mchuzi, na tang ni dawa iliyochemshwa. Zhang Zhongjing, aliyeandika yapata mwaka 200, ana dawa mashuhuri ya homa itokanayo na baridi, yenye mdalasini na tangawizi katika vitu vyake vitano. Baada ya kuinywa, mgonjwa huamrishwa anywe uji mwepesi wa moto ili kuisaidia dawa, na hukatazwa vitu vibichi na vya baridi, vitu vya kunata na vya kuteleza, nyama, tambi na pombe. Dawa yake nyingine, kwa mwanamke aliyejifungua ambaye tumbo linamuuma kwa baridi, ina liang 3 za mzizi uitwao danggui, liang 5 za tangawizi mbichi, na jin 1 ya nyama ya kondoo. Jin moja ni liang 16. Basi nyama ni mara mbili ya vile vingine vyote pamoja. Msomaji na aamue mwenyewe kama hii ni dawa iliyotiwa nyama au ni mchuzi uliotiwa dawa.

Sun Simiao, aliyefariki mwaka 682, ndiye aliyeliweka jambo hili kuwa kanuni ya kazi: tabibu ajue kwanza chanzo cha ugonjwa, autibu kwa chakula, na chakula kisipofaa ndipo atoe dawa. Alitenga mlango mzima wa kitabu chake kikubwa kwa ajili ya vyakula, na mwanafunzi wake Meng Shen akaandika kitabu cha peke yake juu ya elimu hiyo. Sun Simiao aliagiza ini la wanyama kwa mtu asiyeona usiku, na kwa mwenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, aliagiza majani ya baharini. Leo twajua kwamba ini lina vitamini A, na majani ya baharini yana madini ya joto ambayo rovu huletwa na upungufu wake. Wako wanaoshika mifano hiyo na kusema kwamba mafundisho yote yamethibitishwa. Mimi siwafuati. Mifano hiyo yathibitisha macho makali ya watu walioangalia wagonjwa vizazi vingi. Haithibitishi kwamba ladha chachu huenda kwenye ini.

Sasa tuyatazame yale maneno manne. Katika utangulizi wa kitabu cha dawa kinachonasibishwa na Shennong, mfalme wa hadithi, imeandikwa kwamba dawa zina ladha tano na qi nne: baridi, moto, vuguvugu, na upoevu. Mtu wa pwani yetu akisikia nne, na katika nne hizo akasikia baridi na moto, moyo wake humwambia kwamba ameyafahamu. Wazee wa tiba wa pwani nao huhesabu matabia manne: hari, baridi, yabisi na rutuba. Hata asiyejua tiba hutaja mawili kati yake kila alalamikapo baridi yabisi ya magoti. Na mzazi wa pwani hupewa uji wa pilipili manga ili apate joto, kama mwanamke wa Zhang Zhongjing alivyopewa tangawizi na nyama ya kondoo. Kufanana kwa matendo hayo ni kukubwa, na ndiko kunakopoteza.

Matabia yetu manne yalitoka kwa Wayunani, kwa Jalinusi wa karne ya pili, yakaja kwetu kwa njia ya Waarabu na vitabu kama vya Ibn Sina. Hayo ni jozi mbili zilizopishana. Kila chakula kina moja katika jozi ya hari na baridi, na moja katika jozi ya yabisi na rutuba, hivyo pilipili manga ni ya hari na yabisi. Zile nne za Wachina si jozi mbili. Ni ngazi moja, nayo ni ngazi ya majira kama tulivyoiona kwa Zheng Xuan: vuguvugu ya majani kuchipua, moto wa jua kali, upoevu wa majani kupukutika, na baridi ya theluji. Katikati ya ngazi waliongeza kipandio cha tano, ping, yaani tambarare, kwa vitu visivyoelekea huku wala huku. Si kwamba Wachina hawakujua ukavu na unyevu. Waliujua sana, na waliuhesabu miongoni mwa mambo ya hewa yanayoleta maradhi. Lakini hawakuuweka katika ngazi hii.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua umo katika kitabu cha Hu Sihui. Mtu huyu alikuwa mganga wa chakula katika jumba la Wamongolia walipotawala Uchina, na mwaka 1330 alimtolea mfalme kitabu chake Yinshan zhengyao. Jumba lile lilikuwa na watu wa kila taifa, na matabibu Waislamu hawakukosekana. Kwa hiyo kitabu kimejaa maneno ya kigeni yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina kwa kufuata sauti. Humo mna she'erbie, na Mswahili hahitaji mkalimani kujua kuwa ni jamaa ya sharubati yake. Humo mna zafulan, na hiyo ni zafarani.

Zafarani kwa Ibn Sina ni ya hari na yabisi, nayo hufurahisha moyo. Hu Sihui anaandika kwamba huondoa huzuni iliyoganda, na mwenye kuila kwa muda mrefu moyo wake hufurahi. Hapo maneno yao ni mamoja. Lakini akifika kwenye tabia yake anaandika gan, ping: tamu, tambarare. Ukavu hautaji, na joto amelikana. Jina la zafarani lilivuka bara zima, na sifa yake ya kufurahisha moyo ikavuka nayo, bali tabia yake ilibaki mpakani, na ng'ambo ya mpaka ikapewa nyingine. Kama mafundisho hayo mawili yangekuwa kitu kimoja chenye majina mawili, hapa ndipo tungaliuona umoja wake. Li Shizhen, ambaye kitabu chake chenye dawa 1,892 kilipigwa chapa mwaka 1596, miaka mitatu baada ya kufa kwake, aliiacha zafarani vivyo hivyo, tamu na tambarare. Naye alipokutana na mahindi, mgeni aliyetoka Marekani katika karne hiyo hiyo, aliyapa gan na ping pia, yaani aliyaketisha mahali panapofaa nafaka ya kushibisha.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1968 ilifika Tanzania bara timu ya kwanza ya waganga wa Kichina, na tangu miaka ya 1990 zahanati za dawa za Kichina zimefunguliwa Dar es Salaam na kwingineko. Mganga akimwambia mgonjwa wa Unguja au Mombasa kwamba chakula fulani ni baridi, mgonjwa huyo huenda akaongeza moyoni rutuba au yabisi kama alivyofunzwa na bibi yake, na akaacha au akala vitu ambavyo mganga hakuvitaja.

Kwa hiyo napendekeza kwamba neno xing lifasiriwe tabia, maana Wachina nao hulitumia kwa maumbile ya mtu kama sisi. Lakini matabia manne, kwa wingi huo na kwa hesabu hiyo, yaachiwe tiba ya Kiyunani, pamoja na maneno hari, yabisi na rutuba. Vipandio vya Wachina na viitwe baridi, upoevu, tambarare, vuguvugu na moto. Upoevu haunipendezi sana masikioni, lakini kuita liang na han kwa neno moja la baridi ni kuondoa kipandio katika ngazi, na aliye na neno zuri zaidi, hasa kutoka lahaja za kaskazini, na alilete.