Asili ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu kikuu, wenzetu wameandika habari za mazao, maghala na bei. Sisi tumepewa kueleza asili ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kuwa mkutano mkuu ujao utaombwa uamue kama sehemu ya ziada yetu itengwe kuwalipia karo vijana na akina mama wasio na uwezo. Haifai mwanachama kupiga kura juu ya jambo asilolijua chimbuko lake.

Chimbuko hilo liko mbali. Chuo cha kwanza cha namna hii kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kwa kufuata mawazo ya mchungaji Grundtvig, ili watoto wa wakulima wapate elimu isiyofungwa na mitihani. Sweden ikafuata mwaka 1868. Mwalimu Nyerere alipendezwa na vyuo hivyo, na mwaka 1975 Serikali ya Tanzania ikaanzisha vya kwetu kwa msaada wa Sweden. Leo vinahesabiwa 54. Vingi havikujengwa upya, bali vilirithi majengo yaliyokuwapo. Cha Kibaha, kwa mfano, kilitokana na kituo cha kufunza wakulima kilichojengwa na nchi za Nordiki katika miaka ya 1960, na kukabidhiwa kwetu pamoja na shule na kituo cha afya mwaka 1970.

Mpango wa awali ulikuwa kwamba kijiji ndicho kimchague mwanafunzi, naye akiisha kujifunza useremala, uashi, kilimo au ushonaji, arudi kukitumikia. Mpango ulikuwa mwema, lakini wengi hawakurudi, wakaenda mijini. Wako wazee wawalaumuo hata leo, sisi hatuwalaumu. Seremala asiye na randa wala msumeno atarudi kufanya nini? Wafadhili walitoa walimu, mafunzo na vifaa vya chuoni. Kifaa cha mhitimu mwenyewe hakikuwa na mwenye kukigharimia.

Kwa akina mama twaona upungufu wa namna nyingine. Kwa muda mrefu walielekezwa zaidi kwenye cherehani na jiko. Hatuidharau cherehani, maana imelisha nyumba nyingi. Ila mjane mwenye shamba ahitaji pia kujua hesabu, asije akapunjwa mizanini. (Makarani wetu watusamehe.) Hata hivyo vyuo vingi vilikuwa na shule ya chekechea, mama akasoma huku mwanawe akiangaliwa, na jambo hilo shule nyingi kubwa hazijalifikiria.

Msaada mkubwa wa Sweden ulikoma katika miaka ya 1990, na vyuo vingi vikachakaa. Miaka ya karibuni shirika la Karibu Tanzania, kwa mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, limewarudisha vyuoni wasichana waliokatizwa masomo, wengine kwa sababu ya uzazi. Fedha za mpango huo nazo zatoka ng'ambo, na zina muda wake.

Kwa hiyo halmashauri yapendekeza kila chama cha msingi kichague kijana mmoja na mama mmoja. Chama kikuu kilipe karo, kisha kimkopeshe mhitimu vifaa vya kazi, mkopo urudishwe kidogo kidogo kutoka malipo ya mazao ya nyumba yake. Majina yatapokelewa na makatibu wa vyama vya msingi kabla ya mkutano mkuu.