Mate (Kajiado)

Mate ni majimaji ya kinywani yanayotolewa na jozi tatu za tezi kubwa pamoja na tezi nyingi ndogondogo. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Karibu asilimia 99 ni maji. Kilichobaki ni chumvichumvi, ute na vimeng'enya, kikiwemo amilasi, inayoanza kumeng'enya wanga kabla tonge halijamezwa. Yasichanganywe na makohozi, ambayo hutoka kifuani.

Katika Kiswahili cha kila siku, mate hutajwa kwa tamaa au kwa dharau. Mtu hudondokwa na mate akinusa nyama choma, humeza mate akinyimwa, na akimtemea mwenzake ugomvi umeshaanza. Lakini hata pwani, anayemsomea mgonjwa dua humtemea kidogo au hutemea maji atakayopewa anywe, na hakuna anayekasirika.

Katika Kaunti ya Kajiado, matumizi haya ya mate kwa baraka yamekolea. Kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, mate ni inkamulak, na yakitoka kwa mzee ni heri. Baba wa Kimaasai humtemea binti yake kichwani na kifuani siku anapoondoka bomani kuolewa. Mtoto mchanga hutemewa, na anayemsifu hutema ili sifa isigeuke kijicho. Wazee wa zamani walitemea kiganja kabla ya kupeana mkono. Katika sherehe kubwa mzee hujaza kinywa maziwa au pombe ya asali, akawapulizia waliopo, msemaji hutaja heri moja baada ya nyingine, na umati huitikia "Naai!", yaani Mungu, Enkai.

Namna ya kutema ndiyo inayotenganisha baraka na tusi. Baraka si donge linalorushwa. Ni matone mepesi yanayopulizwa kwa ncha ya midomo, sauti ikiwa nyingi kuliko majimaji. Tena hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kijana hambariki babu yake hivyo.

Msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, aliyaonja haya. Meno yake mawili ya bandia, aliyoweza kuyang'oa na kuyarudisha, yalimpa sifa ya uganga, na watu wakamjia awatemee. Kadiri alivyotema ndivyo walivyofurahi. Kitabu chake cha 1885 kilisimulia mambo hayo kwa mzaha, na wengi waliomfuata wakaandika juu ya "desturi ya kutema mate" kana kwamba ni kituko. Wameikosea: ni ibada yenye utaratibu, na mwenye haki ya kuifanya anajulikana.

Kitengela, mji wa Kajiado uliotanuka kwenye barabara ya Nairobi kwenda Namanga, una wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya. Wakikuyu miongoni mwao si wageni wa baraka ya mate, kwa kuwa wazee wao pia hubariki kwa kujitemea kifuani. Kwenye maduka na steji za matatu, hata hivyo, kutema ni uchafu tu, na korona ya mwaka 2020 ilizidisha woga.

Msomaji akialikwa harusi ya Kimaasai huko Isinya au Bissil, na mzee akampulizia matone kichwani, asijifute mbele yake.