Umeme wa Wesha na Mafundi wa Kompyuta

Ufundi wa kompyuta Pemba una nasaba, na babu yake ni televisheni. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuagiza kompyuta kutoka nje. Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi 1994. Zanzibar ilikuwa ikirusha picha za rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kompyuta zilipoanza kuingia kisiwani, mita na pasi ya kuchomelea risasi vilikuwa tayari mezani kwa fundi wa televisheni.

Adui wa kwanza alikuwa umeme. Hadi 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo inayopokea kipigo: fyuzi hukatika, kapasita hupasuka. Mashine iliyokufa kimya, bila feni kuzunguka, fundi aliianzia hapo. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kompyuta nyingi duniani zilitoka viwandani na kapasita mbovu, zilizovimba kichwa na kuvuja zenyewe. Dawa ilikuwa kunyofoa kapasita nzima kutoka kwenye bodi iliyokwisha kufa.

Mwaka 2010 waya wa kilovolti 33, uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, uliiunganisha Pemba na gridi ya Taifa.

Adui wa pili, hewa ya chumvi, hakuhitaji gridi. Hewa hiyo hupandisha kutu kwenye miguu ya memori, mashine ikalia milio bila kuonyesha picha. Raba ya penseli, ikisuguliwa taratibu kwenye ile miguu ya rangi ya dhahabu, imefufua kompyuta nyingi kuliko kipuri chochote cha dukani.

Kisha ikaja fleshi, na virusi ndani yake. Mafaili yalifichwa, yakabaki majina ya bandia ambayo ukiyabofya unajiambukiza upya. Tiba ya kila kitu ikawa “kupiga Windows”, yaani kuiweka upya, na mara nyingi huo ulikuwa uvivu tu: fleshi ileile ilichomekwa tena jioni. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia programu za kwenye fleshi zisijiwashe zenyewe katika Windows XP. Sasisho hilo lilipitia intaneti, na kompyuta isiyounganishwa iliendelea kuugua vilevile.